Mali Isiyoshikika Nayo Ni Mali

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili na mikono ya kuchumia riziki yake, akamwekea mipaka ya halali na haramu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu kabla hawajamjua kuwa ni Mtume, na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu tumeulizwa mara nyingi, na vijana na wazee wao, juu ya jambo lililoenea katika miji yetu ya pwani hata likawa halimstaajabishi mtu. Kijana huchukua flashi yake akaenda dukani, akatoa shilingi chache, akajaziwa michezo ya kompyuta kumi au ishirini ambayo mwenye duka hakuinunua wala hakupewa ruhusa ya kuinakili. Mwengine hana haja hata ya duka. Huipakua nyumbani kwenye intaneti, ikiwa imekwisha kuvunjwa kufuli zake na watu asiowajua, kisha akawagawia rafiki zake. Wako wanaoliita jambo hili werevu, na wako wanaoliita kusaidiana. Suali tuliloulizwa ni hili: je, jambo hili ni halali?

Jawabu letu twalitanguliza ili msomaji asichoke kulingoja. Haifai, na ni katika kula mali ya watu kwa batili, jambo ambalo Mwenyezi Mungu amelikataza katika Suratul Baqara na katika Suratun Nisaa. Sasa twataka kuieleza sababu yake, kwani Muislamu akijua sababu moyo wake hutulia na amri huwa nyepesi kwake.

Kwanza yapasa tujue mchezo wa kompyuta ni kitu gani na hutengenezwa na nani. Wengi wetu hudhani kwamba kila mchezo umetoka katika kampuni kubwa yenye majumba ya ghorofa na mawakili wengi. Kampuni hizo zipo, lakini michezo mingi hutungwa na watu wawili au watatu, na pengine mtu mmoja peke yake chumbani kwake. Mtu huyo huacha mshahara wake, akaishi kwa akiba yake mwaka mmoja au miwili, akiandika maagizo ya programu mstari baada ya mstari, akichora picha, akitunga sauti, akirekebisha makosa usiku kucha. Muda wote huo hapati hata senti. Matumaini yake yote yako katika siku ile atakayouweka mchezo sokoni. Hali yake ni kama ya fundi wa majahazi: anunua mbao na misumari kwa fedha yake, achonga miezi na miezi, na malipo yake hayaji ila chombo kikiisha.

Mwaka 2008 wanaume wawili wa Marekani, Kyle Gabler na Ron Carmel, walitoa mchezo uitwao World of Goo. Walikuwa wameacha kazi katika kampuni kubwa ya michezo, wakautunga kwa akiba yao ndogo. Waliwaamini watu, wakauuza bila ya kufuli yoyote ya kuzuia kunakiliwa. Walipofanya hisabu waliona kwamba katika kila watu 100 waliokuwa wakiucheza, kama 82 hivi hawakuulipia. Mchezo ulisifiwa kila mahali, na wengi katika waliousifu waliupata kwa wizi.

Mwaka 2011 kikundi cha watunzi wa Uingereza, waliokuwa wakiutengeneza mchezo uitwao Project Zomboid, walipata msiba wa namna nyengine. Nakala ya wizi ilienea, nayo ilikuwa ikijiteremshia masahihisho kutoka katika mitambo ile ile ambayo watunzi wenyewe waliikodi kwa fedha zao. Kila mwizi alipobonyeza kitufe, gharama ikamzidia mwenye mali. Tazameni, ndugu zetu: mtu aibiwa, kisha atozwa nauli ya kuichukua mali yake iliyoibwa!

Lakini kisa kilicho na mazingatio zaidi ni cha mwaka 2013. Ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug, walitunga mchezo uitwao Game Dev Tycoon. Katika mchezo huu mchezaji hujifanya ni mwenye kampuni ndogo ya kutunga michezo, akaajiri watu, akauza kazi zake, akatafuta kukua. Bei yake ilikuwa kama dola nane. Siku waliyoutoa, wao wenyewe waliitia nakala moja katika mahali wanapokutana wezi wa programu, nakala waliyoibadilisha kidogo. Anayeicheza nakala hiyo huendelea vizuri kwa muda, kisha huletewa khabari katika mchezo kwamba watu wengi wanazicheza kazi zake bila ya kununua. Basi hata akitunga kazi nzuri namna gani, fedha haziingii, na mwisho wake kampuni yake hufilisika. Siku ya kwanza ilipokwisha, waliolipa walikuwa 214, na walioichukua nakala ya wizi hawakupungua 3,104. Yaani katika kila watu 100, zaidi ya 93 hawakulipa. Na la ajabu ni kwamba baadhi ya wezi wale walijitokeza hadharani kulalamika, wakiuliza ni njia gani ya kuwazuia watu wasiwaibie michezo yao iliyomo ndani ya mchezo, kwani wanafilisika bila ya haki!

Hapa msomaji atacheka, na haki yake acheke. Lakini akimaliza kucheka na azingatie. Mtu yule aliiona dhulma kuwa ni dhulma mara tu ilipomgusa yeye, japokuwa fedha alizopoteza hazikuwa fedha za kweli. Je, yule aliyepoteza fedha za kweli, kodi ya nyumba yake na chakula cha watoto wake, haki yake ni ndogo kuliko hiyo?

Na yatukumbusha kufilisika kwengine kulio kukubwa zaidi. Mtume (s.a.w.) aliwauliza sahaba zake muflisi ni nani, nao wakamjibu kuwa ni asiye na dirhamu wala bidhaa. Akawafundisha kwamba muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala na saumu na zaka, ilhali amemtukana huyu, amekula mali ya yule, amempiga mwengine. Basi mema yake yatagawanywa kwa aliowadhulumu, na yakimalizika kabla ya kwisha madai, atatwikwa madhambi yao. Haikutajwa katika mafunzo hayo kwamba aliyeliwa mali yake awe tajiri au maskini, awe karibu au mbali, wala awe anamjua mdhulumu wake. Mtu wa Mombasa aweza kudaiwa siku hiyo na mtu asiyepata kumwona kwa macho.

Sasa tuziangalie hoja za wanaolitetea jambo hili, moja moja, kwani si uadilifu kumkatalia mtu kabla ya kumsikiliza.

Hoja ya kwanza: husema, sisi hatukumnyang'anya kitu, nakala yake ingali naye. Twajibu kwamba katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, manfaa ya kitu ni mali kama kitu chenyewe kilivyo mali. Mtu akiingia katika nyumba ya mwenzake iliyo tupu, akakaa mwaka bila ya idhini, kisha akatoka bila ya kuharibu hata msumari, wanavyuoni wetu wamwambia nini? Wamwambia ni mwenye kughusubu, na yampasa alipe ijara ya mfano ya mwaka mzima. Nyumba haikupungua, lakini manfaa yake yameliwa. Na huyu mtunzi hana cha kuuza ila hayo manfaa. Ukisema manfaa si kitu, umesema kazi yake yote ya miaka miwili si kitu.

Ni kweli kwamba wanavyuoni wa Kihanafi wa zamani hawakuyahisabu manfaa peke yake kuwa ni mali, na kwa hivyo baadhi ya wanavyuoni wa Bara Hindi walitia shaka katika haki ya mtunzi. Twawaheshimu na twawaombea rehema. Lakini mwezi wa Disemba 1988 Majmaa ya Kimataifa ya Fiq-hi ya Kiislamu ilikutana Kuwait ikalitazama suala hili, ikakata shauri kwamba haki ya utunzi na ya uvumbuzi ni haki ya mwenyewe, ina thamani ya mali katika desturi za watu wa leo, sharia yaihifadhi, na haijuzu kuichokoza. Kwa hivyo asije mtu akatafuta kauli moja ya zamani akaifanya mlango wa kuingilia nyumba za watu.

Hoja ya pili: husema, wenye michezo hii ni watu wa Ulaya na Marekani, tena si Waislamu, na wao wametudhulumu zaidi. Hii ni hoja ya mtu aliyeisahau sira ya Mtume wake. Usiku alipotoka Makka kuhama, Makureshi walikuwa wamekula njama ya kumuua. Na nyumbani kwake zilikuwako amana za watu wa Makka. Je, alizichukua akasema hawa ni maadui? Alimwacha Sayyidna Ali (r.a.) nyuma ili amrudishie kila mwenye amana amana yake. Basi ikiwa mali ya wanaotaka kukuua hailiki, vipi italika mali ya ndugu wawili waliokaa chumbani mwao wakitunga mchezo, wasiopata hata kulisikia jina la mji wako?

Hoja ya tatu: husema, sisi ni maskini, na bei zao ni za watu wa kwao. Umaskini twaujua, kwani twaishi pamoja nao. Lakini dharura katika sharia ni njaa inayoogopewa kuua, na mchezo hauna dharura. Na hata huyo mwenye njaa, akila chakula cha mwenzake kwa kulazimika, wanavyuoni wasema thamani yake yabaki katika dhima yake. Tena Mwenyezi Mungu ametufungulia milango mingi ya halali. Iko michezo mingi ambayo wenyewe wameitoa bure. Ziko programu kama Linux na LibreOffice, na Blender ya kuchorea, na Godot ya kutungia michezo, ambazo watunzi wake wameziruhusu kwa watu wote wazitumie na wazinakili. Hizo kwetu ni mfano wa wakfu, na wenye kuziacha hivyo ni wa kushukuriwa. Lakini tangu lini mtu akawakifu mali isiyokuwa yake?

Hoja ya nne: husema, elimu haifichwi, na mwenye kuificha ameonywa adhabu kali. Maneno haya ni ya kweli, na yamewekwa pasipo mahali pake. Onyo hilo ni kwa anayeificha elimu ambayo watu waihitajia katika dini yao. Mtunzi wa mchezo hakumficha mtu kitu. Ameiweka kazi yake sokoni na bei yake imeandikwa. Katika miji ya Waislamu ya zamani warraqina walinakili vitabu kwa ujira, na vitabu viliuzwa, na hakuna aliyewaambia kuwa wameficha elimu.

Hoja ya tano hutoka kwa wazee wetu, nao husema: michezo ni upuuzi, kwa hivyo kuiiba si kitu. Twawaomba radhi wazee wetu, lakini hoja hii haisimami. Mchezo ama uwe na haramu ndani yake, kama kamari na uchi, ama uwe mubaha. Ukiwa ni wa haramu, wajibu ni kuuacha, na mwenye kuuiba ili aucheze amekusanya makosa mawili. Na ukiwa mubaha, basi ni mali ya mwenyewe kama mali nyengine yoyote ya mubaha, na kuipuuza kwetu hakuifanyi halali kuiba.

Na iko kauli moja ambayo lazima tuikubali kwa uadilifu. Si kila aliyechukua nakala ya wizi angaliinunua lau wizi usingalikuwako. Na hao watunzi wa World of Goo wenyewe wamelikiri hilo. Kwa hivyo khasara yao haihisabiwi kwa kuzidisha idadi ya wezi kwa bei. Lakini hilo lapunguza khasara, haliondoi dhambi. Aliyepanda basi bila ya kulipa hasemi kwamba kiti kingalikuwa kitupu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukimaliza. Kampuni kubwa huibiwa mlango mmoja ikala kwa mwengine. Mtunzi mdogo ana mlango mmoja tu, na ukifungwa hurudi kutafuta kazi ya mshahara, na mchezo wa pili hautungwi tena.

Enyi wazazi, msidhani kwamba jambo hili lawahusu watu wa mbali tu. Mwaka 2007 kijana wa Kenya, Wesley Kirinya, alitoa mchezo wake uitwao Adventures of Nyangi, na mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha kampuni ya Leti Arts ya kutunga michezo ya Kiafrika. Leo wako vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaojifunza kuandika programu. Twawahimiza, twawaambia wasingoje kuajiriwa, washike kazi za akili. Lakini watamuuzia nani, ikiwa sisi tumewafundisha majirani zao wote kwamba kitu kilichomo ndani ya kompyuta hakina mwenyewe? Kijana wa kwetu akiuweka mchezo wake sokoni asubuhi, jioni utakuwa katika kila flashi ya mtaa, na watakaomwibia ni wale wale aliosoma nao chuoni. Twawajengea watoto wetu nyumba kwa mkono mmoja na twaibomoa kwa mwengine.

Nabii Shuaibu (a.s.) aliwaonya watu wake wa Madyan wasipunguze vipimo na mizani, tena wasiwapunguzie watu vitu vyao. Tazameni namna alivyoyaweka mawili haya pamoja. Wafasiri wameeleza kwamba hilo la pili ni pana, na laingia ndani yake kila haki ya mtu inayopunjwa, iwe yapimwa kwa kibaba au haipimwi. Watu wa Madyan walikuwa wafanya biashara kama sisi, nao walimuuliza kama sala yake ndiyo imwamrishayo kuwazuilia wao kufanya watakavyo katika mali zao. Na hili ndilo suali la wengi leo: dini ina nini na kompyuta yangu? Dini ina haki ya jirani yako iliyomo ndani yake.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 imezitia programu za kompyuta katika kazi zinazohifadhiwa. Muislamu hutimiza ahadi zake na husimama juu ya sharti zake, na sharia ya nchi inapolinda haki ambayo dini nayo yailinda, hana udhuru wa kuivunja.

Basi aliyekwisha kutumbukia afanye nini? Toba ya haki ya Mwenyezi Mungu ina sharti tatu: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudi. Haki ya mwanadamu huongezwa la nne, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake au kumtaka radhi. Baadhi ya watunzi hawa wameurahisisha mlango huu. Mwaka 2010 watunzi wa nchi ya Cheki, Amanita Design, waliona kwamba wachache sana katika wanaoucheza mchezo wao wa Machinarium wameulipia. Hawakutukana wala hawakushitaki. Waliwatangazia waliouiba kwamba kwa muda wa siku chache waweza kuulipia dola 5 badala ya 20, na mambo yawe yamekwisha. Maelfu ya watu wakalipa. Ikiwa watu hawa wamesamehe kwa robo ya bei, na Mola wetu msamaha wake ni mpana kuliko wa kila mwenye kusamehe, mtu angoja nini?

Kwa hivyo twanasihi hivi. Mwenye nakala ya wizi na aifute, au anunue nakala ya halali ya mchezo alioucheza. Asiyeweza kumpata mwenyewe kabisa, na atoe thamani yake sadaka kwa niaba ya mwenye haki. Mwenye duka la kunakili ajue kwamba ujira wa kazi ya haramu ni haramu, na kazi za halali katika ufundi wake hazikosekani: kutengeneza mashine, kufunza watoto, kuwawekea watu programu zilizoruhusiwa. Wazazi wawanunulie watoto wao mchezo mmoja wa halali badala ya ishirini ya wizi. Utawatosha, na utawafundisha kwamba kazi ya mtu ina thamani.

Na wasimamizi wa madrasa na misikiti yetu twawaambia neno moja la peke yake. Zitazameni kompyuta za ofisi zenu. Haifai tuandike ratiba ya darsa na khutba ya Ijumaa kwa programu iliyoibwa, kisha tupande mimbari kuwausia watu uaminifu. Waanze wao, na watu watafuata.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusiihitajie haramu, atuzindue kabla ya siku ya kulipana, na awape vijana wetu kazi njema na majirani waaminifu. Amin.